Kijiti, Kamba na Mche

Neno la msingi: Wagalatia 6:2–5. Soma pia Luka 13:6–9 na Yohana 11:38–44.



Swali la wiki hii ni fupi kuliuliza na gumu kulijibu: mtu dhaifu tumshike mpaka lini? Kamati yetu ya huduma imelizungumza mara tatu sasa bila kufika mwisho, na kila anayesimama anasimama na andiko. Mmoja anasoma Wagalatia 6 mstari wa 2, pale Paulo anapotuagiza tuchukuliane mizigo. Mwenzake anamwambia, "Hebu endelea mpaka wa 5," na huko Paulo anasema kila mtu ana furushi lake la kubeba mwenyewe. Mistari miwili tu katikati. Je, Paulo amejipinga?

Mimi si mtu wa chuo cha Biblia. Siku sita za wiki niko kwenye kitalu changu cha miche kando ya barabara ya Malindi kwenda Mombasa, upande wa Gede, nauza miembe, mikorosho, mivinje na minazi. Kwa hivyo nitawaandikia kwa kile ninachokijua. Nimeona miche dhaifu mingi ikishikwa. Mingine ikasimama. Mingine ikafa mikononi mwa watu walioipenda. Na nadhani jibu la Paulo liko palepale shambani.

Udhaifu si wa aina moja

Mteja akiniletea mche uliolala, swali lake huwa, "Niufunge kijiti?" Nami humuuliza, "Umelala kwa nini?" Maana miche hulala kwa sababu tofauti, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Kuna mche uliolala kwa kukosa jua. Umekaa sana chini ya makuti, umebanana na wenzake, ukakimbilia juu kutafuta mwanga. Ni mrefu, mwembamba, majani yamepauka. Ukiutazama kwa mbali utasema umekua. Ukiufunga kijiti utasimama, lakini ugonjwa wake haujaguswa. Huu hupewa nafasi na kuzoeshwa jua kidogo kidogo: wiki hii tunapunguza makuti, wiki ijayo tunapunguza tena, na maji nayo tunayapunguza, ili siku ya kwenda shambani jua lisiwe geni kwake. Ukiutoa kivulini moja kwa moja ukaupeleka kwenye jua la saa saba la mwezi wa pili, umeuunguza. Kuna watoto wetu wa namna hii. Wamelelewa kwa kufanyiwa kila kitu, hawajawahi kuachiwa jambo la kuamua, halafu siku moja tunawatupa Nairobi tukishangaa kwa nini wamekauka.

Kuna mche uliolala kwa sababu umepandwa juzi. Mzizi bado haujashika udongo, na upepo wa kusi unakuja na nguvu zake. Huu ndio mche wa kijiti. Hauna uvivu wala ugonjwa, ni mgeni tu katika udongo. Mtu aliyeokoka juzi, aliyefiwa juzi, aliyetoka hospitali juzi, ni wa namna hii. Mshike, tena mshike leo, usingoje kikao.

Kuna mche uliolala kwa sababu umepandwa pasipo pake. Hapa kwetu mfano mzuri ni mikoko ya Mida. Wanaoijua kazi ya kuipanda watakwambia kila mti una sehemu yake: mlilana husimama mbele kuelekea bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, panapofikiwa na maji mara chache. Ukiupanda mche wa mkoko chini mno, mahali ambapo maji hayaondoki vya kutosha, utang'olewa na mawimbi au utazama ufe. Unaweza kuufunga hata vijiti vitatu. Hautapona, kwa sababu shida haiko kwenye shina, iko mahali uliposimama. Vivyo hivyo kuna kijana tunamwita dhaifu, kumbe kila jioni anarudi kulala kwenye nyumba ileile inayouza kile anachojaribu kukiacha. Huyo tusimwekee mikono tu tukamwacha arudi. Anahitaji kuhamishwa.

Na kuna mmea ambao hata ukiutunza vipi hautasimama peke yake. Mkarakara, ule wa matunda ya pasheni, hauna shina la kusimama. Usiudai kitu ambacho Mungu hakuupa. Ujengee kichanja, utakuzalia matunda mpaka ugawie majirani. Bibi yetu ambaye macho yamekwisha, ndugu aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, mama anayelea mtoto asiyeweza kuketi wala kula mwenyewe: hawa tusiwaulize "mpaka lini". Kichanja hakina tarehe ya kuondolewa. Na matunda yao tunayala kila Jumapili, maana ni nani katika kanisa hili ambaye hajaombewa na yule bibi?

Kwa hivyo kabla ya kukimbilia kijiti, tutazame mzizi. Nusu ya ubishi wetu kwenye kamati unatokana na hili. Mmoja anamfikiria mkarakara, mwenzake anamfikiria mwembe, na wote wanatumia neno moja, "dhaifu".

Namna ya kufunga

Tukishakubaliana kwamba mche huu ni wa kijiti, bado kuna namna ya kufunga. Nitaeleza kama ninavyowaeleza vijana wangu wa kitaluni.

Kijiti hakichomekwi katikati ya mizizi. Kinasimama pembeni, la sivyo unatoboa kile unachotaka kukiokoa. Kamba haiwi waya wala nailoni nyembamba. Tunatumia kitambaa, na kipande cha leso iliyochakaa ni kizuri sana. Tunakizungusha mfano wa tarakimu 8, kijiti upande mmoja, mche upande wa pili, ili visisuguane. Na hatufungi juu kabisa. Tunafunga chini, ili kichwa cha mche kibaki kikicheza na upepo.

Hapo kwenye kucheza ndipo watu hushangaa. Wanaona mche unayumba, wanataka kukaza. Lakini wataalamu wa miti wanasema hivyo na mkulima yeyote huliona kwa macho yake: shina linalotikiswa na upepo kwa kiasi hunenepa chini, na mizizi hushika zaidi. Shina lililobanwa lisitikisike kabisa hurefuka likabaki jembamba, na siku kijiti kikioza, linainama au kuvunjika. Upepo uleule tunaouogopa ndio unaoufundisha mti kusimama. Kijiti kazi yake ni kuuzuia mche usianguke. Kutikisika, uachiwe utikisike.

Kuna hatari ya pili. Mche unanenepa, kamba hainenepi. Kamba iliyokuwa sawa mwezi wa tatu, ukija mwezi wa kumi inakata gome. Na chakula kinachotengenezwa majanini kinashuka mizizini kwa kupitia gome. Gome likikatwa kwa kuzunguka, mizizi inakufa njaa huku majani bado ni ya kijani. Ukipita barabarani unaona mti mzuri. Kumbe umenyongwa, na aliyeunyonga ni mtu aliyeupenda, akaufunga vizuri, kisha asirudi kuitazama kamba.

Someni Kutoka 17. Musa alipochoka mikono vitani, Haruni na Huri walimtafutia jiwe la kukalia, wakamshikilia mikono kutoka pande mbili hadi jioni. Tazameni pia ambacho hawakufanya. Hawakumnyang'anya kazi yake. Mikono iliyoinuliwa ilibaki kuwa ya Musa. Na jua lilipozama, vita vikaisha, waliiachia.

Kitambulisho kabatini

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwenyewe ameniruhusu niliandike, nami jina lake silitaji.

Miezi tisa iliyopita kijana mmoja alikuja kwetu akitaka kuacha unga. Nyote mnajua dawa za kulevya zimefanya nini katika mji wetu wa Malindi, na wengi wetu tuna jina la kutaja katika ukoo. Kanisa lilimkodishia chumba. Kina mama wakapanga zamu ya chakula. Wazee wakapanga zamu ya kulala naye zile siku za arosto, anatapika, anatetemeka, analia kama mtoto. Mwezi ule wa kwanza yeye mwenyewe aliomba simu yake na kitambulisho chake vikae kwa mzee mmoja, maana alijijua: akibanwa angeuza simu, na namba za wauzaji zilikuwa mle ndani. Ilikuwa sahihi kabisa. Ile ilikuwa kamba ya wakati wake, na ilimwokoa.

Leo ni mwezi wa tisa. Simu na kitambulisho bado viko kabatini. Akitaka kumpigia mamake aliye Magarini, anaomba. Akipata kibarua cha siku mbili, mwenye kazi anatuma pesa kwa simu ya mzee. Majuzi fundi mmoja wa pikipiki alitaka kumchukua ajifunze kazi, akaambiwa asubiri kamati ikae. Hakuna mwenye nia mbaya hapa. Mzee anayemtunzia ni mtu wa maombi na anampenda kama mwanawe wa kumzaa. Lakini shina limenenepa, wapendwa, na kamba ni ileile.

Nikimuuliza anaendeleaje, anajibu, "Niko sawa baba, kanisa linanishikilia." Ni jibu zuri, na namshukuru Mungu kwa jibu hilo. Ila natamani siku moja aniambie, "Baba, nimesimama."

Kwenye kamati tumegawanyika pande mbili. Wengine wanasema tumemlea vya kutosha, mwisho wa mwaka tukate. Wengine wanasema tuendelee vilevile, kwa sababu tukimrudishia simu ataanguka, na damu yake itadaiwa mikononi mwetu. Mimi naona pande zote mbili zinatazama kijiti. Wa kwanza anataka kukiondoa, wa pili anataka kukikaza, na hakuna anayeinama kutazama mzizi umefika wapi.

Yohana 11 inatusaidia hapa. Kumfufua Lazaro ilikuwa kazi ya Yesu peke yake, hakuna mwingine angeweza. Lakini Lazaro alipotoka kaburini bado amezongwa na sanda, Yesu hakumfungua kwa mkono wake. Aliwapa kazi hiyo watu waliokuwa wamesimama pale: wamfungue, wamwache aende. Sanda ile haikuwa kitu kibaya. Waliomfunga walimpenda, walimfunga wakilia. Ilikuwa vazi sahihi kwa hali aliyokuwa nayo. Hali ilipobadilika, vazi likawa kifungo. Tunasifika kwa kuombea watu wafufuke, na ni vyema. Je, tunajua kufungua sanda?

Sisi wa hapa hatuwezi kulichukulia kwa wepesi

Mtu wa mahali pengine anaweza kusoma haya akaona ni hadithi za miche. Sisi wa Kilifi hatuwezi. Mwaka 2023 ardhi ya Shakahola ilifukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, mingi ikiwa ya watoto. Wale walikuwa watu kama sisi, wazazi, vijana, wengine na kazi zao nzuri, waliotoka sehemu nyingi za Kenya wakitafuta mahali pa kuegemea. Na kwa masimulizi ya walionusurika na ndugu zao, kamba ilikazwa pole pole: watoto waache shule, wagonjwa waache hospitali, mali iuzwe, jamaa wasisikilizwe, na mwisho wa yote, chakula kiachwe. Hakuna aliyeanzia hatua ya mwisho.

Sisemi kwamba simu iliyo kabatini ni Shakahola. Mbali sana. Ninachosema ni kwamba kijiti na kitanzi huwezi kuvitofautisha kwa kumuuliza mfungaji kama anapenda, maana kila mfungaji husema anapenda. Utavitofautisha kwa maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyajibu. Je, aliyeshikwa anajua siku ya kuachiwa? Anaweza kusoma Biblia yake akauliza swali ambalo mchungaji hajalipenda, na Jumapili ijayo bado akasalimiwa? Ndugu zake wa damu wanajua alipo, na wakija wanakaribishwa? Akiugua, anakwenda hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu? Jasho lake linalipwa mkononi mwake?

Kanisa linaloyajibu maswali haya mchana kweupe halina cha kuogopa. Na tukisitasita hata kwa moja, tulegeze. Baada ya yaliyotupata katika kaunti hii, "tunafanya kwa kumpenda" si jibu la kutosha tena. Majirani zetu wana haki ya kutuuliza, nasi tuna wajibu wa kujiuliza kabla yao.

Kukata kabla ya wakati

Najua kuna ndugu atakayefika hapa akasema, "Umeona! Si nilisema tuache kuwalea hawa?" Hapana, ndugu yangu. Kung'oa kijiti kabla ya mzizi kushika ni kuua pia.

Tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kumfukuza mtu. Isikilize tena. Haisemi siku ya tatu mfungie mlango. Inasema mpe. Siku ya tatu mwenyeji anatoa zaidi kuliko siku ya kwanza, maana jembe ni ghali kuliko sahani ya sima, na anayepewa jembe amepewa pia sehemu ya kulima na nafasi katika safu ya wanaolima. Ukimwambia mtu "jitegemee" bila kumpa jembe, hujamfungua kamba. Umemng'oa.

Andiko la 2 Wathesalonike 3:10 nalo hushikwa kama panga. Tulisome vizuri. Paulo anamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakusema asiyeweza, wala aliyetafuta akakosa. Katika mji ambao watalii wakikosekana msimu mmoja hata mwenye cheti cha hoteli anashinda barazani, kutotaka na kukosa ni vitu viwili mbali kabisa.

Kipimo tunakipata kwenye mnazi. Nazi ya mbegu ikichipua, mche hauanzi kutegemea udongo siku ile. Kwa miezi mingi unakula akiba iliyo ndani ya nazi yenyewe, hata majani yakiwa yameshatoka. Mtoto mtundu akiipasua mapema ili ale lile bonge laini la ndani, ameua mche uliokuwa mzuri wa macho. Lakini akiba ile nayo huisha. Mungu aliiweka ya kutosha kuufikisha mche kwenye udongo, hakuiweka ya kuulisha mpaka uzeeni. Na mkoko ni vivyo hivyo: mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama, miezi kadhaa, mpaka imekuwa ndefu kama mkuki. Kisha mama anaiachia. Haiachii ikiwa changa, na ikishakomaa haing'ang'anii.

Na yule mtunza shamba wa Luka 13? Mwenye shamba amechoka na mtini usiozaa, yeye anaomba mwaka mmoja zaidi. Wengi tunaukumbuka ule mwaka. Tunasahau alichojifunga kufanya ndani yake: kuchimba kando ya mti na kuutia samadi. Aliomba muda pamoja na jasho lake mwenyewe, na akakubali kwamba mwaka una mwisho. Sisi mara nyingi tunaomba mwaka bila samadi. Huko ni kuahirisha tu.

Jiwe la Bamburi

Kuna wanaokata tamaa kabisa, wanasema ati vijana wa mji huu ni mawe, huwezi kuotesha kitu. Huwa nawajibu kwa habari ya Bamburi, ambako wengi wenu mnapita mkienda Mombasa.

Pale kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe mpaka likabaki jangwa jeupe, hakuna udongo, jua linapiga kama sufuria mekoni. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti pale. Alijaribu aina 26. Zilizoishi ni 3 tu, na mmojawapo ni mvinje, huu wetu tunaoukatia nguzo. Mvinje uliweza kwa sababu hauishi peke yake: katika vinundu vya mizizi yake kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoulisha naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani yake makavu hayakuoza, yalilala tu juu ya jiwe. Haller akaleta majongoo. Majongoo wakala yale majani, wakaacha mbolea, udongo ukaanza kujijenga, na juu ya udongo huo ikaota miti mingine ambayo mwanzoni isingeweza kuishi pale. Leo ni msitu wenye wanyama, watu wanalipa kiingilio kwenda kuutazama. Ndipo panapoitwa Haller Park.

Najifunza mambo matatu hapo. Kwanza, aina 23 zilikufa, na kazi haikusimama. Si kila tunayemshika atasimama, na tukijua hivyo mapema hatutawalaumu walioanguka wala kuwanyima wanaofuata. Pili, waliogeuza jiwe kuwa udongo ni vijidudu na majongoo. Katika kanisa hao ni wale kina mama wa zamu ya chakula, ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye bango la mkutano wowote. Tatu, mti wa kwanza kusimama ulikuwa udongo wa mti wa pili. Kipimo cha msaada wetu kiwe hicho. Tusihesabu tumemlisha mtu miezi mingapi, tuulize kama ameanza kuwa udongo wa mwingine.

Mzigo na furushi

Sasa turudi kwa Paulo. Katika Kigiriki alichoandikia, neno la mstari wa 2 si lile la mstari wa 5. Na waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili waliliona, wakatuwekea mzigo kule na furushi huku. Mzigo ni ule uzito unaomlaza mtu chini. Furushi ni kile kila msafiri anachojifungia mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani: nguo zake, nauli yake, barua zake. Ukimwachia mtu mzigo peke yake, utamponda. Ukimbebea na furushi, hutajua wewe wala yeye anakwenda wapi.

Kwa kijana wetu, arosto ya mwezi wa kwanza ilikuwa mzigo. Kodi ya chumba ilikuwa mzigo. Tuliubeba, na jina la Bwana libarikiwe. Lakini kitambulisho, simu, malipo ya kibarua chake, sauti ya mamake: hilo ni furushi lake.

Kwa hivyo nitakachokipendekeza kamati ikikaa Jumamosi ni hiki. Kitambulisho arudishiwe wiki hii, kabla ya mjadala mwingine wowote. Simu arudishiwe na laini mpya, na anayemwajiri amlipe yeye. Aende kwa yule fundi wa pikipiki, na kanisa limnunulie seti ya spana, maana hilo ndilo jembe lake. Kodi tulipe yote miezi miwili, nusu miezi mitatu, kisha tuache, na tarehe hizo aambiwe leo akiwa ameketi nasi mezani, asizisikie kwa watu. Zamu ya kumtembelea isikome. Tunaondoa kamba, macho yetu yanabaki.

Na akianguka? Hatari ipo, siwezi kuwaficha. Anayerudia unga baada ya kuuacha muda mrefu anaweza kufa siku hiyohiyo, na ndiyo sababu zamu za kumtembelea lazima ziwe za kweli, si za kwenye karatasi. Lakini kuna hatari pande zote mbili, wapendwa, ila ile ya kamba haina kelele. Mtu anaweza kukaa miaka kumi ndani ya kanisa, majani ya kijani, mzizi umekufa, nasi tukamhesabu kama ushuhuda. Akiyumba, tutafunga tena, kwa kitambaa, bila matusi. Mche unaoinama ukifunguliwa unatuambia "bado", nasi tunangoja mvua nyingine.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alikuwa mpandaji tu, Apolo mwagiliaji tu, na anayekuza ni Mungu (1 Wakorintho 3). Mimi nimeuza miche maelfu na sijakuza hata mmoja. Nimemwaga maji, nimetandaza makuti, nimefunga, nimefungua. Kukua sijui kunatokea saa ngapi, maana nikifika asubuhi nakuta kumeshafanyika.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Ni nani unayemshika sasa? Je, ni mche uliopandwa juzi, uliokosa jua, uliopandwa pasipo pake, au ni mkarakara?

2. Ni kitu gani cha mtu mwingine, kiwe ni pesa, simu, uamuzi au siri, kiko mkononi mwako kwa nia njema, na wakati wa kukirudisha umefika?

3. Ni nani tuliyemwambia "jitegemee" bila kumpa jembe? Jembe lake ni nini, na nani kati yetu analo?

Bwana awabariki na kuwatunza. Amina.